Je, wajua? Taya likinyooshwa kwa upasuaji, kiungo chake huenda kisipone

Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha fungua kinywa. Kinachocheza hapo ni kichwa cha taya la chini. Kwa watu wengi hualika: tak!

Mwenye taya lililotokeza au lililorudi nyuma huona jibu liko wazi: meno hayakutani, basi taya likinyooshwa kiungo nacho kitapona. Hata matabibu wa meno waliamini hivyo kwa miaka mingi. Lakini wako ambao meno yao ya mbele hayagusani kabisa na viungo vimetulia, na wako wenye meno yaliyopangika kama punje za hindi ambao hawatafuni nyama kwa maumivu. Kusaga meno usingizini, msongo wa mawazo, baridi yabisi, pigo la zamani: hayo yote huchangia maumivu ya kiungo. Mpangilio wa meno una sehemu, ila ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Mfikirie mama aliyejitwika ndoo. Kati ya kichwa na ndoo pana kata. Kiungoni nako, kati ya kichwa cha taya na fuvu, pana kisahani kigumu chenye kunyumbuka kinachofanya kazi ya kata. Kikiteleza mbele, kichwa hukandamiza nyama laini ya nyuma yake, yenye mishipa mingi ya fahamu. Ukifungua kinywa, kichwa hukifuata kisahani na kuingia tena chini yake. Hapo ndipo panapoalika. Kisahani kikikwama mbele, sauti hukoma, na kinywa kilichokuwa kikifunguka milimita 40 au zaidi huweza kuishia 25.

Sasa upasuaji. Kwa njia iliyoelezwa na madaktari wa upasuaji Trauner na Obwegeser mwaka 1957, mfupa wa taya la chini hupasuliwa kwa urefu nyuma ya magego, pande zote mbili. Kipande chenye meno husogezwa. Chenye kichwa hubaki kiungoni. Kata haijaguswa. Ndiyo maana maumivu ya misuli hupungua kwa wengi, huku mualiko ukibaki kwa baadhi, na wachache waliokuwa wazima wakaanza kuumwa.

Hatari kubwa iko kwenye skrubu. Mgonjwa kalala chali, misuli imelegea kwa dawa, kichwa cha taya huweza kushuka kutoka kishimoni. Vibati vya titani vikikazwa kikiwa hivyo, nyaya zinazofunga meno zikifunguliwa tu kichwa hupanda mahali pake, taya hurudi nyuma, meno ya mbele yanaachana. Kichwa kikisukumwa kishimoni kwa nguvu mno nako, kiungo hubanwa. Kwa wasichana wenye kidevu kilichorudi nyuma sana, taya likivutwa mbele kwa kiasi kikubwa, kichwa huweza kulika polepole kwa miezi mingi.

Kwa hiyo kiungo kinachouma hutulizwa kwanza: chakula laini, kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa usiku, mazoezi. Picha ya MRI, inayopigwa kwa mashine ya sumaku, huonyesha kata ilipo. Kichwa kikiwa bado kinalika, upasuaji husubiri. Baada ya upasuaji ni uji na vyakula laini kwa takriban wiki 6, kisha kuzoeza kinywa kidogo kidogo mpaka vidole vitatu vilivyosimama vipite katikati ya meno.