Nini maana ya mvutano mdogo wa kuigiza?

Ni hali ya kukifanya kitu kielee kana kwamba hakina uzito, hapa hapa duniani, kwa kukiacha kianguke.

Wengi hudhani wanaanga huelea kwa sababu kule juu mvutano wa dunia umekwisha. Haujaisha. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kama kilomita 400 juu yetu, na mvutano pale ni karibu asilimia 90 ya huu wa Mwanza. Wanaelea kwa kuwa wao na kituo chao wanaanguka pamoja bila kukoma, ila kasi yao ya kwenda mbele ni kubwa mno hata hawaifikii ardhi.

Hali hiyo unaweza kuiona leo ukiwa na chupa ya maji tu. Itoboe karibu na kitako kwa msumari, ijaze maji, uiache bila kifuniko. Mchirizi unatoka. Sasa panda ghorofani, hakikisha hakuna mtu chini, uiachie. Inapoanguka mchirizi unakatika, kwa sababu maji na chupa vinashuka kwa kasi ileile na maji hayaigandamizi tena chupa. Mwenzako arekodi kwa simu, video ya mwendo wa polepole, maana kutoka mita 5 mnapata sekunde 1 tu. Kijana anayeruka ziwani kutoka kwenye mawe naye hupata kama hiyo.

Sekunde 1 haitoshi majaribio mengi ya fizikia. Ndiyo maana huko Marekani NASA, shirika la anga la nchi hiyo, iliwahi kuwapandisha wanafunzi wa vyuo, na vifaa walivyobuni wenyewe, kwenye ndege maalumu. Rubani huinua pua hadi nyuzi 45 hivi, kisha ndege huchora upinde angani kama jiwe lililorushwa, na kila kilichomo huelea kwa sekunde 20 na ushee. Upinde ukipunguzwa ukali, mtu hubaki na sehemu moja ya sita ya uzito wake, kama aliye Mwezini. Wapo wanaotapika, lakini data zinapatikana.

Wanachokitafuta ni kuona mambo ambayo uzito huyaficha. Mwali wa mshumaa, kwa mfano, hurefuka kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Uzito ukiondoka, hewa hiyo haipandi, na mwali unakuwa duara la buluu hafifu.

Njia nyingine ni kuangusha jaribio lenyewe: Bremen, Ujerumani, wana mnara wa mita 146 kwa kazi hiyo. Ndani yake jaribio huanguka mita 110 kwa sekunde 4.7, katika bomba lililonyonywa hewa, kwani hewa ingelipunguza kasi na kurudisha uzito kidogo kidogo.