Joto kali na baridi kali, mwili unajilinda vipi

Swali tunaloulizwa sana sisi watu wa elimu ya afya ni kipi kibaya zaidi kati ya joto na baridi. Wengi wanasema baridi sababu inauma, na kweli baridi inaua, ila kwenye joto mwili una nafasi ndogo mno. Kawaida tuko kwenye nyuzi joto 37 hivi, ukipita 40 ubongo unaweza kuanza kuvurugika, yani nyuzi 3 tu. Kushuka ni tofauti. Mwaka 1999 kule Norway daktari mmoja, Anna Bågenholm, alinasa kwenye maji chini ya barafu, mwili ukashuka mpaka 13.7 na moyo ukasimama, na bado madaktari wakamrudisha. Kupanda hata nusu ya hizo nyuzi alizoshuka yeye hakuna anayepona.

Msimamizi wa haya yote ni sehemu ndogo ya ubongo inaitwa haipothalamasi. Joto likizidi inaamuru mishipa ya damu karibu na ngozi itanuke, damu ya moto inaletwa juu ipoe, moyo unapiga kasi (wazee na wenye shida ya moyo ndo wanaumia hapo), alafu jasho linatoka. Sasa watu wengi hawajui kwamba jasho linapoza pale linapokauka, sio pale linapotoka. Lita moja ikikauka yote kwenye ngozi inaondoka na kilokalori karibu 580, ni joto jingi sana hilo. Lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho linachuruzika tu, umepoteza maji na chumvi na hujapoa, kwahiyo nyuzi 34 za unyevunyevu zinaweza kukuumiza kuliko 40 za ukavu.

Uzuri ni kwamba joto mwili unalizoea. Ukijizoesha kidogo kidogo, ndani ya wiki 1 mpaka 2 jasho linaanza mapema na linabeba chumvi kidogo. Wasimamizi wa kazi nawaomba sana, mtu mgeni msimpe kazi nzito ya juani siku ya kwanza.

Baridi mwili hauizoei hivyo, tunategemea zaidi nguo. Mishipa inajikaza, damu inakimbilia ndani kulinda moyo na ubongo, vidole na masikio vinaachwa vijitegemee ndo maana vinaganda kwanza. Hata ule mkojo wa mara kwa mara unatokana na hilo, damu ikijaa katikati figo zinaona maji yamezidi. Alafu unatetemeka, misuli inachoma chakula itengeneze joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri, ana mafuta maalum ya rangi ya kahawia yanayozalisha joto lakini hayatoshi, mfunike na kichwa. Na ukilowa kimbilia nguo kavu, maji yanasafirisha joto karibu mara 25 kuliko hewa.

Kuweni makini na hili. Mtu wa baridi akiacha kutetemeka wakati bado ni wa baridi na anaongea kilevi, hajapona, anazidi, wengine wanafikia hadi kuvua nguo wakidhani wanaungua. Mvue nguo mbichi taratibu bila kumtikisa, mfunike, anza kupasha kifua sio mikono, pombe usimpe kabisa, inatanua mishipa ya ngozi anahisi joto kumbe ndo linamtoka. Vidole vilivyoganda visisuguliwe.

Wa joto akichanganyikiwa au akianguka usisubiri eti mpaka ngozi ikauke, wengine wanapata kiharusi cha joto (yani joto la mwili linapanda mpaka ubongo unavurugika, sio kile kiharusi cha kupooza) huku wanatoka jasho. Ita msaada, mtoe juani, mmwagie maji ya baridi mwili mzima na umpepee, au mzamishe kwenye maji mpaka shingoni huku umemshikilia kichwa, uanze hapo hapo kabla gari halijafika. Kama hajitambui usimnyweshe kitu, na panado usimpe, haishushi joto la aina hii.