Majani makavu ya viungo hayajafa ladha

Wapishi wengi hushikilia kwamba majani ya viungo yakishakauka yamekwisha, kwa hiyo kichupa cha mchanganyiko wa rozimari, oregano na zaatari ni pambo la kabatini tu. Ajabu, imani hiyo utaisikia hata Dodoma, ambako mlenda huanikwa juani ukaliwa kiangazi na hakuna anayelalamika.

Inategemea jani lenyewe. Rozimari, oregano na zaatari zina majani magumu, na mafuta yake ya harufu hustahimili kukaushwa. Maji yakitoka, ladha hukolea. Ndiyo maana kijiko 1 cha makavu hushika nafasi ya vijiko 3 vya mabichi. Kinachoyaharibu ni mwanga na joto, kwa hiyo usiyaweke juu ya jiko. Giligilani ni kweli haifai: ikikauka hunukia kama nyasi. Hiyo inunue mbichi pale soko la Majengo, uitie wakati unaipua.

Kosa kubwa ni kuyanyunyiza makavu mwishoni, kana kwamba nayo ni giligilani. Harufu yake huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Kitunguu kikianza kulainika, chukua nusu kijiko cha chai, yasugue viganjani mpaka harufu ikupande puani, yatie, halafu nyanya zifuate. Maharage yakichemka nayo dakika 20 hivi, hata ugali wa uwele utashuka vizuri. Rozimari tu uiendee taratibu, maana ikizidi huleta uchungu.