Kwa nini taa ya gemu ya 1996 inachezacheza ndani ya gemu ya 2020?

Kampuni ya Valve walipotoa gemu ya Half-Life: Alyx mwaka 2020, wachezaji wenye macho makali waligundua jambo: kuna taa humo inayochezacheza kwa mdundo uleule wa taa za Quake, gemu ya kampuni nyingine, id Software, iliyotoka 1996. Haikutokea kwa bahati. Mdundo wenyewe ni mstari huu wa herufi:

mmnmmommommnonmmonqnmmo

Herufi a ni giza totoro, m ni mwanga wa kawaida, z ni mwanga maradufu. Kompyuta husoma herufi kumi kwa sekunde, na ikifika mwisho huanza upya. Taa inatulia kwenye m, inaruka kidogo hadi n au o, mara moja tu inagusa q, nawe unaapa kuwa waya umelegea. Herufi 23 tu! Kwangu mimi huo ni ufundi wa hali ya juu.

Zimefikaje huko? Injini ya gemu ni programu inayokaa chini ya kila kitu: ndiyo inayochora picha, kupiga hesabu za mwendo na migongano, kutoa sauti. Kazi ya kuunda ile ya Quake iliongozwa na John Carmack, mwandishi wa programu wa id Software. Valve, wakiwa bado wachanga, walinunua leseni yake badala ya kuanza sifuri, kisha wakaifumua. Quake ilihifadhi kila mkao wa adui kwa kuorodhesha mahali pa kila nukta ya umbo lake. Valve wakatia mifupa: sogeza mfupa wa bega, mkono mzima unafuata. Half-Life ikatoka Novemba 1998.

Siku za kuitoa zilipokaribia, hawakutaka majaribio yaharibu kilichokwisha kukamilika. Wakagawa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, katika folda mbili, GoldSrc kwa gemu iliyokuwa inatoka na Src kwa majaribio. Hiyo ya pili ndiyo iliyokua ikawa Source, injini ya Half-Life 2 ya 2004, ambamo pipa lina uzito na ubao unaelea majini. Source 2 ikafika kwa wachezaji kupitia Dota 2, gemu nyingine ya Valve, mwaka 2015, na ndiyo inayoendesha Half-Life: Alyx.

Mbona hawakufuta yote? Kwa sababu msimbo wa zamani umebeba miaka ya makosa yaliyokwisha kusahihishwa, na zana za wanaochora ramani za gemu zimeuzoea. Kinachong'olewa ni kile kinachobana: uchoraji wa picha, hesabu za uzito, mtandao. Taa mbovu haikumbana mtu.

Ukitaka kuuona mstari huo kwa macho yako, msimbo wa sheria za mchezo wa Quake uko wazi kwa umma. Fungua faili la world.qc, tafuta mtindo wa taa namba 1.