Rada ya setilaiti na maumbo ya ardhi: namna ya kupima mwendo wa ganda la dunia

Julai 2007 ardhi ilitetemeka mfululizo karibu na mlima Gelai, kusini-mashariki mwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Tetemeko kubwa kuliko yote lilipiga tarehe 17, ukubwa wa 5.9, likasikika hadi Nairobi. Envisat, setilaiti ya Ulaya iliyokuwa ikirudia njia yake kila siku 35, ilikuwa na picha za rada za eneo hilo za kabla na za baada. Zilipolinganishwa, ilionekana kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza chini kwa chini na kusimama wima kama ukuta. Iliisukuma miamba huku na huku, na kipande cha ardhi kilichokuwa juu yake kikadidimia. Magma yenyewe haikufika juu. Septemba, Ol Doinyo Lengai ulio jirani ukaanza kulipuka kwa nguvu.

Mbinu iliyotumika huitwa InSAR. Setilaiti hutuma mawimbi ya rada ardhini na kupokea mwangwi wake, usiku au mchana, hata mawingu yakiwa yametanda. Mbali na nguvu ya mwangwi, kila pikseli hurekodi awamu, yaani wimbi limerudi likiwa sehemu gani ya mzunguko wake. Setilaiti ikipita tena njia ileile na kukuta ardhi imesogea, safari ya wimbi inakuwa imerefuka au imefupika, na awamu inabadilika. Ukitoa awamu ya picha ya kwanza katika ile ya pili, unapata interferogramu: ramani ya mikanda ya rangi inayozunguka mahali palipoinuka au kushuka.

Sentinel-1, ambayo picha zake hupatikana bure tangu iliporushwa 2014, hutumia wimbi la sentimita 5.6 hivi. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, mkanda mmoja kamili ni nusu ya hapo, sentimita 2.8. Ukihesabu mikanda 3 kutoka pembeni hadi katikati, ardhi imesogea sentimita 8.4. Hapa ndipo wengi hukosea, wakaandika kwamba mlima umeinuka sentimita 8.4. Rada hutazama kwa mshazari, hivyo kipimo hicho ni cha kusogea kuelekea kwenye setilaiti. Kama mwendo wote ni wa wima na pembe ya kutazama ni nyuzi 39 kutoka wima, ardhi imeinuka karibu sentimita 10.8. Na kama sehemu ya mwendo ni ya kulala, picha za upande mmoja haziwezi kukuambia. Unahitaji pia zile za njia ya pili: setilaiti ikipanda kuelekea kaskazini hutazama mashariki, ikishuka kuelekea kusini hutazama magharibi. Ukiziunganisha unapata wima na mashariki-magharibi. Mwendo wa kaskazini-kusini hauonekani vizuri kwa njia yoyote kati ya hizo. Kwa bahati njema, Bonde la Ufa la Kenya na kaskazini mwa Tanzania hupanuka zaidi kuelekea mashariki na magharibi.

Kazi yenyewe hufanyika kwa programu ya bure kama SNAP. Chagua picha mbili za njia ileile, weka data sahihi ya mzingo, yaani njia ya setilaiti angani (hutolewa siku 20 hivi baada ya picha), zilinganishe pikseli kwa pikseli, tengeneza interferogramu, ondoa athari ya milima kwa modeli ya mwinuko yenye pikseli za mita 30, chuja, kisha kunjua awamu ili mikanda igeuke sentimita. Usikunjue kabla ya kuangalia ulinganifu wa mwangwi, yaani jinsi mwangwi wa picha mbili unavyofanana, unaopimwa kati ya 0 na 1. Wengi huacha pikseli zilizo chini ya 0.3. Mawe na vumbi kavu la Gelai hutunza ulinganifu huo miezi mingi. Migomba na misitu ya Kilimanjaro huupoteza kwa siku chache, maana majani hayatulii. Huko ni afadhali rada ya wimbi refu, la sentimita 24 hivi, linalopenya majani. Hata ardhi tupu huupoteza ikihama kupita kiasi: Afar, Ethiopia, Septemba 2005, ufa wa kilomita 60 ulifunguka hadi mita 8, na mikanda ya katikati ikavurugika. Ilibidi kupima kwa kufuata pikseli zenyewe zilivyohama.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni mvuke wa maji angani. Unyevu huchelewesha wimbi, na tofauti ya siku mbili inaweza kuzaa sentimita kadhaa za mwendo wa uongo. Mlima mrefu una hewa pungufu juu yake kuliko bonde, hivyo mikanda hufuata mwinuko na kuonekana kana kwamba volkano inavimba. Dawa ni kutengeneza jozi nyingi zisizotumia picha ileile. Uvimbe wa kweli hujirudia, wa hewa hupotea. Kwa mwendo wa milimita chache kwa mwaka, jozi moja haifai kabisa: kusanya picha nyingi za miaka kadhaa.

Lakini miaka kumi ni kufumba na kufumbua kwa ufa. Tuseme ukuta wa bonde wenye mita 500 umejengeka kwa miaka milioni 1: wastani ni milimita 0.5 kwa mwaka, na rada ni vigumu kuuona. Hapo ndipo umbo la ardhi husomwa. Pima urefu wa mstari wa chini ya ukuta pamoja na kona zake zote, ugawanye kwa urefu wa mstari ulionyooka. Jibu likiwa karibu na 1, ufa unaendelea kunyoosha kile ambacho mmomonyoko unakila. Likipanda kupita 2 au 3, mmomonyoko umeshinda. Korongo jembamba lenye umbo la V pale mto unapovuka ukuta ni dalili hiyohiyo. Maporomoko ya maji pia huhesabiwa, ila angalia mwamba kwanza: lava ngumu hutengeneza poromoko hata kama ardhi imetulia. Kingo za kale zilizo juu ya ziwa nazo hudanganya. Zikiwa na mwinuko sawa pande zote, ni maji yaliyopungua. Zikiwa zimeinama upande mmoja, ni ardhi iliyoinama.

Palipo na ukuta mnyoofu na makorongo membamba, huku rada ikionyesha utulivu miaka yote, ndipo pa kufunga kituo cha GPS kwanza.