Dutch baby ni nini? Chapati ya maji inayofura ndani ya oveni

Kama unajua kukoroga chapati za maji, nusu ya kazi unaijua tayari. Dutch baby ni mayai, maziwa, unga wa ngano na chumvi kidogo, rojo jepesi kabisa. Tofauti ni kwamba humwagi upawa mmoja mmoja na kugeuza. Rojo lote unalimimina kwa mara moja kwenye kikaango cha moto chenye siagi, kisha kinaingia kwenye oveni. Muda si mrefu kingo zinapanda hadi kupita mdomo wa kikaango, katikati panabaki pamebonyea kama bakuli.

Jina linapotosha. Dutch kwa Kiingereza ni Mholanzi, lakini Waholanzi hawahusiki hapa. Chakula hiki kimetokana na Pfannkuchen, chapati za Wajerumani, na jina limezaliwa Marekani, katika mkahawa wa Manca's mjini Seattle, mwanzoni mwa karne ya 20. Inasimuliwa kwamba binti wa mwenye mkahawa alishindwa kutamka Deutsch, yaani Kijerumani, akasema Dutch, na likabaki hivyo hivyo.

Kinachowashangaza watu zaidi ni kule kufura. Hamira hamna, magadi hamna, bekingi pauda hamna. Kinachoinua ni mvuke. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa mara 1,600 na zaidi, na rojo hili lina maji tele kutoka kwenye maziwa na mayai. Chuma cha moto kinayachemsha ghafla, mvuke unasukuma kwenda juu, na mayai pamoja na unga vinashika na kukauka vikiwa vimeshainuliwa. Kingo ndizo zinazopanda zaidi kwa sababu zimeegemea chuma. Yorkshire pudding, kitafunio cha Waingereza cha rojo kama hili, hufura kwa njia hiyo hiyo, ila wao hutumia mafuta ya nyama.

Ndiyo maana moto ndio kila kitu. Oveni ifike nyuzi 220 za Selsiasi, na kikaango kipate moto humo humo kabla ya rojo kuingia. Kwa kikaango cha sentimita 25 hivi, tumia mayai 3, maziwa mililita 120 na unga gramu 65, ambao ni kama nusu kikombe. Mayai yasitoke kwenye friji moja kwa moja, maana rojo la baridi linapoza chuma. Koroga mpaka mabonge yaishe, uache litulie dakika 10 au zaidi ili unga unywe maji. Siagi vijiko 2 vikubwa iwekwe mwishoni, kwenye kikaango cha moto. Ikishayeyuka na kutoa povu, mimina, usingoje iwe nyeusi. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Kikaango kisiwe na mshikio wa plastiki (utacheka, lakini wapo waliojaribu).

Mlango wa oveni usifunguliwe dakika za mwanzo. Ukichungulia, joto linatoka kabla kuta hazijakauka, na unabaki na kitu kizito kama keki ya mayai iliyogoma.

Ukiitoa, itanywea mbele ya macho yako. Wengi hapo hudhani wameharibu. Hujaharibu: mvuke umepoa, hakuna tena cha kuishikilia juu. Pembeni patakuwa pakavu na pa kuvunjikavunjika, katikati laini, pana ladha ya mayai zaidi kuliko ya unga. Kwa kawaida hunyunyiziwa sukari ya unga na kukamuliwa limau. Ndimu nayo inafaa, na kwangu mimi ni bora kuliko asali, ambayo inalowesha zile kingo ulizozihangaikia. Waite watu wakae mezani kwanza, ndipo ufungue oveni.