Nyenzo za kutengeneza kozi za ufundi mtandaoni zipo, zitumieni inavyotakiwa

Tangu vyuo vingi vianze kutangaza kozi za ufundi stadi kwa njia ya mtandao, malalamiko yanayofika mezani kwetu yamebadilika sura. Zamani mzazi alilalamikia ada na uhaba wa nafasi. Siku hizi mwanafunzi anakuja na simu yake, anafungua kundi la WhatsApp na kutuonyesha kurasa za daftari la mwalimu zilizopigwa picha. Nyingine zimelala ubavu, nyingine kidole gumba kimeziba maneno. Kisha anauliza kama hiyo ndiyo kozi aliyolipia. Wenye vyuo nao wana jibu lao, kwamba hawana fedha za kununua mfumo wala maudhui. Nitazungumza zaidi na hawa wa pili pamoja na wakufunzi wao, kwa sababu naamini wengi wana nia njema, na nyenzo wanazosema hawawezi kuzinunua nyingi haziuzwi.

Kwanza tumalize jambo tunaloulizwa kila wiki: je, ufundi unaweza kusomwa wote kwenye simu? Mafunzo ya ufundi yanayozingatia umahiri hayaishii kwenye simu. VSOMO, programu ya simu iliyozinduliwa na VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, kwa kushirikiana na Airtel Tanzania mwaka 2016, ilipangwa hivyo tangu mwanzo: nadharia mwanafunzi anaisoma kwenye simu kwa muda wake, kisha anakwenda kituo cha VETA kufanya vitendo. Anayemwahidi kijana cheti cha kulehemu bila kushika elektrodi anamdanganya, na mzazi anayelipia ahadi hiyo ajue hivyo. Vilevile, kuwa na tovuti nzuri hakukipi chuo idhini ya kufundisha. Usajili uko NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na unaangalia karakana, vifaa na wakufunzi.

Sasa tuje kwenye kozi yenyewe. Kozi inayonyumbulika ni ile inayomfuata mwanafunzi alipo. Hivi karibuni nilikaa na kijana anayesomea umeme wa majumbani huku akifanya kazi gereji. Anatoka kazini jioni, mikono ina grisi, na ananunua bando la siku. Video aliyotumiwa na chuo chake ilikuwa ya dakika kumi, na mwalimu ndani yake alikuwa akisoma maandishi yaliyo ubaoni. Video ya picha kali, yenye kasi ya megabiti moja na nusu kwa sekunde, kwa dakika kumi inakula zaidi ya megabaiti 110. Ukiipunguza hadi kilobiti 400 kwa sekunde inabaki megabaiti 30. Somo lile lile likirekodiwa sauti tupu kwa kilobiti 32 ni megabaiti mbili na nusu hivi, na lilihitaji sauti tu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuona. Video ibaki pale ambapo mkono unafanya kazi: jinsi ya kumenya waya bila kukata nyuzi za ndani, jinsi ya kukaza skurubu ya soketi kisha kuuvuta waya kidogo kuhakikisha umeshika. Hiyo ni dakika moja na nusu. Kijana ataiangalia mara tano, kesho yake karakanani mkono utakuwa unajua pa kwenda.

Nyenzo za kujengea haya yote hazina ada ya leseni. Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni ulioanzishwa na Martin Dougiamas kule Perth, Australia, na kutolewa toleo lake la kwanza mwaka 2002, inapatikana bure, na programu yake ya simu inamruhusu mwanafunzi kupakua somo palipo na mtandao na kulisoma pasipo na mtandao. H5P, programu ya kutengenezea masomo, inatengeneza maswali, picha za kubonyeza sehemu zake na video zinazosimama kuuliza swali. Kwa kituo kisicho na intaneti kabisa ipo Kolibri, programu ya masomo ya shirika la Learning Equality: unaiweka kwenye kompyuta moja ya ofisini, wanafunzi wanaunganisha simu zao kwa Wi-Fi ya hapo hapo, na hakuna bando linaloliwa. Gharama itakayobaki ni ya mtu wa kuitunza kompyuta hiyo na muda wa mwalimu kuandaa masomo. Muda huo upangwe kwenye ratiba kama vipindi vingine. Mwalimu hawezi kuambiwa aandae moduli, yaani sehemu ya kozi, usiku nyumbani kwake halafu tushangae ametuma picha za daftari.

Kosa ninalolihofia kuliko yote ni kuchukua maudhui ya nje bila kuyapitia. Video nyingi za umeme zinazopatikana kirahisi ni za Marekani. Kule nyumba zinatumia volti 120, waya mweusi ni wa moto, yaani unaoleta umeme, na mweupe ni nyutro, yaani unaourudisha. Sisi Tanzania tuna volti 230, na rangi za sasa ni kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, kijani na njano kwa ethi, yaani waya wa ardhini. Lakini nyumba zetu za zamani zina rangi za Uingereza za enzi hizo: nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Kijana aliyefundishwa na video ile akifungua soketi ya nyumba ya zamani, atauona waya mweusi na kuuita wa moto, kisha ataugeukia mwekundu akidhani hauna neno. Mkufunzi hana budi kuiangalia video hadi mwisho kabla ya kuituma, testa ikiwa mkononi na kanuni zetu zikiwa mezani. Hapa hatuna lugha ya upole.

Linalofuata ni hakimiliki, na naomba mnivumilie kwa sababu ndipo watu wanapokwama. Si kweli kwamba kilichopo mtandaoni ni cha bure. Kazi inalindwa tangu ilipotengenezwa, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, hata kama mwenyewe hakuisajili popote wala hakuandika onyo. Kutoa kiungo cha video ili mwanafunzi aiangalie ilipo ni jambo moja. Kuipakua, kukata jina la mwenyewe na kubandika nembo ya chuo ni jambo jingine, na chuo kinaweza kushtakiwa.

Tafuteni kazi zenye leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huruhusu wengine kuitumia kwa masharti, na zisomeni herufi zake. BY peke yake inataka umtaje mwenye kazi. Ikiongezwa SA, kazi utakayoitengeneza kutokana na ile nayo uitoe kwa leseni hiyo hiyo. NC inakataza matumizi ya kibiashara. Chuo binafsi kinachotoza ada tunakishauri kiombe ruhusa kwa maandishi badala ya kubahatisha. ND hairuhusu kusambaza kazi iliyobadilishwa, na tafsiri ni mabadiliko. Nimepokea moduli nzuri sana za Kiswahili, zimefanyiwa kazi kwa miezi, na ikabidi nizirudishe kwa sababu chanzo chake kilikuwa na herufi hizo mbili. Iliniuma, lakini hakukuwa na namna.

Kumtaja mwenye kazi kunafanywa hivi: andika jina la kazi, jina la aliyeitengeneza, mahali ulipoitoa pamoja na kiungo, jina la leseni na toleo lake pamoja na kiungo cha leseni hiyo, kisha useme ulichobadilisha. Kwa mfano, "maelezo yametafsiriwa kwa Kiswahili na rangi za nyaya zimerekebishwa." Yawekwe chini ya picha au somo lenyewe, si mwishoni mwa kozi ambako hakuna anayefika. Toleo la 4.0 la leseni hizi lina nafuu: ukikosea, haki yako ya kutumia kazi inakatika, lakini ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua kosa, inarudi yenyewe. Nafuu hiyo haifuti madai ya kipindi ulichokuwa umekosea.

Kuna pia taarifa za wanafunzi. Mfumo wa kujifunzia unakusanya majina, namba za simu, alama na saa ambazo mtu aliingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakitaka chuo kijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kukusanya taarifa hizo. Kufichua taarifa za mtu kinyume cha sheria, kwa mtu binafsi, ni faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni au taasisi, faini inaanzia shilingi milioni moja na inaweza kufika bilioni tano. Kwa hiyo kubandika matokeo ya darasa zima, yakiwa na majina na namba za simu, kwenye kundi la WhatsApp si jambo dogo kama mnavyolichukulia. Kila mwanafunzi apewe yake.

Vyuo vinavyotaka tuvisaidie kupitia maudhui visilete kozi nzima. Leteni moduli moja kwenye flashi, iambatane na ukurasa wa mtalaa unaoonyesha umahiri unaolengwa, orodha ya kila picha na video iliyomo pamoja na leseni yake, na ratiba ya vitendo ikitaja karakana gani, siku gani na mkufunzi yupi. Kabla ya kuja, mpeni mwanafunzi mmoja aifungue kwenye simu ya bei ya chini akiwa na bando la siku, mkae pembeni bila kumsaidia, na muandike pale anapokwama. Karatasi hiyo nayo mje nayo. Ndiyo nitakayoisoma kwanza.